Ukuta wa Kubeba Kwapani

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na kuta mbili za kuchorwa. Wa jikoni aliachiwa mtoto yeyote mwenye mkono unaowasha. Wa mbele, unaotazama njia, ulikuwa wake peke yake, na mtoto aliyeugusa kwa kidole chenye mkaa alilala na njaa. Mimi nililala na njaa mara mbili.

Wakati huo hapa Mazinde nyumba nyingi zilikuwa za fito na udongo. Mvua za masika zikishapita na kuta zikishakauka, bibi alishuka korongoni na karai lake akarudi na udongo mweupe. Aliuloweka usiku kucha, akauchuja kwa kipande cha kanga chakavu mpaka ukawa laini kama uji wa mgonjwa. Udongo mwekundu aliuchota kwenye kichuguu. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya chungu na maji kidogo. Na brashi je? Alikata kipande cha jani la mkonge, urefu wa kalamu, akaiponda ncha moja kwa jiwe mpaka nyama ya kijani ikatoka na nyuzi zikabaki zimesimama kama nywele. Basi, brashi hiyo. Ikichakaa, unaponda nyingine.

Kwanza aliupaka ukuta wote mweupe. Ukikauka, alichora kuku mmoja mkubwa, mwekundu, akamjaza mwili wote rangi, kisha akaanza kumtia madoa. Doa, doa, doa. Madoa yalikula siku nzima. Nilipomwambia kuku wetu hana madoa mengi hivyo, alisema kuku wetu hajapambwa.

Masika yaliyofuata kuku akaanza kuyeyuka kuanzia miguuni. Mwezi wa tano alibaki kichwa tu. Nikamwuliza, "Bibi, kwa nini unachora kitu kitakachofutika?" Akanitazama weee, kisha akasema, "Na wewe kwa nini unakula? Kesho si utasikia njaa tena?"

Haya, wajukuu, sogeeni. Nataka kuwahadithia mtu aliyeutoa ukuta mahali pake, akauweka kwapani, akaenda kuuza mjini.

Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Najua mnacheka. Kwenu tingatinga ni lile dude la manjano linalochimba barabara, au trekta la kuvuta mkonge. Lakini kwao lilikuwa jina la ukoo, jina la baba yake. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini kabisa, karibu na mto Ruvuma. Baba yake alikuwa Mmakua. Shule hakusoma sana. Darasa la uchoraji hakuwahi kulikalia hata siku moja.

Alikotoka, watu walichora nyumba zao. Watafiti waliotembelea vijiji vya Tunduru miaka ya baadaye walikuta kuta za udongo zimechorwa wanyama, ndege na watu kwa rangi za ardhini. Mchoro ulikuwa wa yeyote apitaye njia. Hapakuwa na tiketi wala saini ya mchoraji pembeni.

Katikati ya miaka ya 1950, Edward akaja huku kwetu mkoa wa Tanga kutafuta kazi. Kazi gani? Angalieni nje mjibu wenyewe. Mkonge.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana siku hizi mnaupita mkonge kwenye basi mkidhani uliota wenyewe kama nyasi. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Sitini na miwili! Darasa moja la shule yenu lina watoto wengi kuliko hiyo. Kutoka kwa miche hiyo mkonge ukasambaa Pangani, Muheza, Korogwe, mpaka chini ya milima hii yetu ya Usambara, kwenye tambarare ambako zamani za chifu Semboja, mwana wa mfalme Kimweri, misafara ilipita ikishuka pwani. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka mmoja, na hapakuwa na nchi duniani iliyotushinda.

Lakini mkonge unataka mikono, na mikono ya hapa haikutosha, au niseme ukweli, wenyeji wengi hawakuitaka kazi ile. Wazigua na Wasambaa walikuwa na mashamba yao. Basi makampuni yakaandikisha watu wa mbali: Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wabena, Wanyamwezi, Waha. Walisafirishwa kwa malori na kwa treni. Kila mmoja alipewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipewa na kipande, kadi ya kuandikia siku alizofanya kazi. Siku 30 zikijaa ndipo unalipwa. Ukiumwa, kadi haijai. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alikuja kwa mkataba mmoja akafia hapahapa Mazinde, baada ya kumwoa huyo bibi mwenye kuku wa madoa.

Mkata mkonge anaamka giza halijatoka. Anakata jani, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga mafungu, anayabeba mpaka kwenye reli ndogo ya toroli. Majani yanakwenda kwenye korona, mashine inayoyachuna nyama na kuacha nyuzi. Korona ina kelele, na harufu yake, kama maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kichafu, huingia kwenye nguo na haitoki. Nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa juani kwenye waya, safu kwa safu. Kwa mbali utadhani wazee elfu wameanika ndevu zao. Katika maisha hayo ndimo Edward alimopita. Kufikia mwaka 1959 alikuwa ameyaacha, akaenda Dar es Salaam alikokuwa ndugu yake aliyekuwa mpishi wa Mzungu.

Huko alifanya kila kazi iliyojitokeza. Alitunza bustani, alikuwa kibarua wa nyumbani, baadaye akawa mhudumu hospitali ya Muhimbili. Alikaa Msasani, ambako siku hizo kulikuwa na mikorosho na nyumba za makuti. Na mwaka 1968, akiwa na miaka 36, akaanza kuchora.

Kwa nini wakati huo? Wasomi wanabishana. Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mitaani Dar es Salaam, Wazungu wanazinunua, akajiambia, "Hata mimi naweza." Wapo wanaosema, la, hizo ni kuta za Tunduru zilizomfuata. Mimi sioni ugomvi uko wapi. Njaa ya mjini ilimwonyesha soko. Mkono wake ulijua kuchora nini.

Tatizo lilikuwa ukuta. Mtalii hawezi kuondoka na ukuta wa nyumba yako. Na turubai la wachoraji wa shule lilikuwa ghali, pamoja na zile rangi zao za kwenye vijibomba kama vya dawa ya meno. Edward akatazama juu. Mjini walikuwa wakitengeneza dari kwa mbao nyembamba za kahawia zilizoshindiliwa, zile mafundi wanaita hadibodi. Haya, chukueni penseli. Ubao mzima una futi 8 kwa futi 4. Ukiukata vipande vya futi 2 kwa futi 2, unapata vingapi? Vinane, na hakuna kinachobaki wala kutupwa. Picha zake nyingi ni za mraba wa kiasi hicho, kama sentimita 60 kila upande. Watu wa makumbusho huutazama mraba huo kwa heshima kubwa. Mimi naona hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza hela.

Na rangi? Rangi ya baiskeli. Ile ya mafuta, ya kwenye kopo dogo, inayong'aa hata bila kupigwa kiwi. Fundi baiskeli yeyote alikuwa nayo. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, manjano, kijani, buluu. Kwa rangi hizo alimchora chui.

Nimewahi kumtazama kijana wa mjini akifanya kazi kwa mtindo huu, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kwanza anaupaka ubao wote rangi moja, au mbili zinazoingiana taratibu, buluu ikififia kuwa nyeupe. Anauweka juani, anasubiri. Rangi ya mafuta haina haraka. Ukiigusa kabla ya wakati inakuachia alama ya kidole na lawama. Ikikauka, anamchora mnyama kwa mstari mmoja, anamjaza rangi, anasubiri tena. Halafu ndiyo yanakuja madoa. Anachovya ncha ya brashi, doa, anachovya, doa. Nzi akatua kwenye rangi mbichi akanasa. Yule kijana hakumtoa. Alimwacha akauke, kisha akamkwangua kwa wembe na kutia doa juu yake. "Huyu sasa ni sehemu ya chui," akaniambia. Nilicheka, lakini nilikuwa namwona bibi yangu.

Mnyama wa Edward hatembei msituni kati ya miti ishirini. Amesimama mmoja, mkubwa, anakaribia kuujaza mraba wote, macho yanakutazama, na nyuma yake rangi tupu. Mkitaka kujua mwenzake ni nani, mtazameni kuku wa ukutani. Anayechora ukuta hana nafasi ya kuhangaika na mawingu. Anataka mpita njia amwone mnyama kutoka mbali.

Sasa nivusheni bara zima, nifike Nigeria, kwa sababu huko alikuwapo mtu wa rika lake aliyekuwa akihangaika na jambo hilohilo la kuutoa ukuta mahali pake.

Uche Okeke alizaliwa mwaka 1933, mwaka mmoja tu baada ya Edward. Alikuwa Muigbo. Waigbo ni wale wa hadithi ya Okonkwo. Wakubwa wenu waliisoma kwa Kiswahili katika *Shujaa Okonkwo* cha Chinua Achebe, na huyo Okeke ndiye aliyechora picha za toleo moja la Kiingereza la kitabu hicho. Mama yake alikuwa mchoraji wa uli.

Uli ni nini? Dada zenu wanaopakwa piko siku ya harusi watanielewa haraka. Wanawake wa Kiigbo walikamua matunda ya mmea fulani, wakachora kwa maji yake ngozini. Mwanzoni huoni kitu cha maana. Baada ya muda mstari unakolea kuwa mweusi. Unakaa siku kadhaa, unafifia, unaisha. Na wanawake haohao, kwa udongo wa rangi, walichora kuta za nyumba na za mahali pa ibada. Michoro yao ni myepesi: mviringo unaojizungusha kama nyoka aliyelala, mwezi mwandamo, tunda la kola lenye vipande vinne. Katikati ya mistari wanaacha ngozi au ukuta wazi, sehemu kubwa, na huo uwazi nao ni mchoro.

Tofauti na Edward, Okeke alisoma. Alikwenda chuo cha sanaa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, ambako walimu wa Kizungu walifundisha kuchora kama Ulaya. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaanzisha chama chao cha wasanii wanafunzi, wakasema: tutajifunza mnachofundisha, lakini hatutatupa cha mama zetu. Wakaviunganisha. Okeke alichukua kalamu na wino, akaweka kwenye karatasi nyeupe ule mstari wa mama yake, mwembamba, unaokwenda na kurudi bila kukatika. Baadaye alifundisha chuo kikuu cha Nsukka, na wanafunzi kama Obiora Udechukwu wakaendeleza kazi hiyo mpaka dunia ikaitambua kwa jina la mji huo.

Kuna jambo jingine la Waigbo ambalo ningempa bibi yangu kama zawadi, angekuwa hai. Upande wa Owerri walikuwa wakijenga nyumba za mbari. Kijiji kilichagua watu, wakajifungia ndani ya uzio miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, wakifinyanga kwa udongo sanamu za miungu, watu, wanyama, hata Mzungu ndani ya gari, na kuzipaka rangi zote. Yote kwa ajili ya Ala, mungu wao wa ardhi. Siku ya kufungua, kijiji kizima kilikuja kushangaa. Halafu je? Wakaiacha. Hakuna aliyeikarabati. Mvua ikanyesha, mchwa wakala, ikarudi kuwa udongo. Sadaka ilikuwa ile kazi ya kujenga.

Na ninyi wapenda tarehe, hii hapa. Waigbo walijitenga na Nigeria mwaka 1967 wakaunda nchi ya Biafra, vita kubwa ikawaka, watu wengi mno wakafa kwa njaa. Nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra ilikuwa Tanzania, Aprili 1968, chini ya Mwalimu Nyerere. Mwaka huohuo, Msasani, mhamiaji mmoja kutoka Tunduru alikuwa anakata hadibodi vipande vinane. Yeye na Okeke hawakujuana, hawakusikiana. Mimi tu ndiye niliyewaweka pamoja, kwa kuwa mwenye hadithi ana ruhusa hiyo.

Picha za Edward ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, walikokuja Wazungu kununua mboga na mikate. Zikapendwa. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, wakapata watoto wawili. Picha zilipokuwa nyingi kuliko mikono yake, aliwaita ndugu na watu wa kwao: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde. Wakakaa chini ya mti wakajifunza kama mtoto anavyojifunza jikoni, kwa kutazama mkono wa mkubwa na kukatazwa kuugusa ukuta wa mbele.

Mwaka 1972 akauawa. Ilikuwa usiku, alikuwa ndani ya gari, na polisi waliokuwa wakifukuza wezi wakalipiga risasi gari hilo wakidhani ndilo. Alikuwa na miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Mnaweza kunyamaza kidogo hapa. Hata mimi nikifika hapa hunyamaza.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea palepale Morogoro Stores, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kilichobeba jina la Tingatinga. Leo jina la mtu limekuwa jina la mtindo mzima, na mtindo umekwenda mpaka Japani. Nisiwafiche, nyingi ya picha zinazouzwa barabarani siku hizi hazinifurahishi. Twiga watatu, Kilimanjaro, jua linazama. Umeona moja umeziona zote. Mchoraji anawahi basi la watalii. Lakini hata katikati ya mia moja za aina hiyo, hutokea moja ambayo mtu ametulia kwenye madoa, nawe unasimama.

Wiki chache zilizopita fundi alikuwa akitengeneza dari ya nyumba yangu, ya matofali siku hizi, si ya fito. Kikabaki kipande cha hadibodi. Mjukuu wangu wa miaka tisa akakidaka kabla hakijakuwa kuni. Tukamfuata fundi baiskeli pale stendi, akatupa masalia ya makopo mawili, jekundu na jeupe, na tina kidogo ya kuoshea. Brashi nikamtengenezea mwenyewe: jani la mkonge, jiwe, ncha moja.

Alichora mbuzi. Ana miguu mitano, kwa maana mmoja ulikosewa ukachorwa upya na wa kwanza haukufutwa. Upepo wa huku mnavyoujua, vumbi likaganda tumboni. Kisha akaanza madoa, na jioni mama yake alipomwita kula hakuitika. Tukautundika ubao nje, ukuta wa mbele, chini kidogo ya paa.

Juzi ikanyesha, mvua ya kutoka mlimani, ya kulalia upande. Asubuhi tukatoka kutazama. Rangi haikuchuruzika hata tone, mbuzi na miguu yake yote yumo. Lakini hadibodi ilikuwa imekunywa maji kwa nyuma, pembe moja imevimba na kufunguka kurasa kama daftari lililolowa. Mtoto akaibonyeza kwa kidole. Ikabonyea.

"Babu," akasema, "fundi atarudi lini?"

Nikamwuliza anamtakia nini.

"Kile kipande kingine."